Kuomba ruzuku ya kutibu mbwa na punda: anza na daftari

Andiko langu la kwanza lilikuwa kurasa kumi na moja za huzuni tupu. Mfadhili akajibu kwa mstari mmoja: wanyama wangapi, na mmoja anagharimu kiasi gani? Sikuwa na jibu. Siku hizi nafanya hivi, na naongea na walioko Tanzania.

Hatua ya 1: Daftari. Kwa miezi mitatu hivi, andika kila mnyama anayepita mikononi mwako. Mstari wangu mmoja: "Na. 41, jike, kahawia, wa mama mwenye genge. Jeraha la waya mguu wa nyuma. Kachanjwa, kafungwa kizazi. Karudi kwao siku ya tano." Mistari arobaini ya namna hiyo inashinda picha mia za mbwa wenye majonzi.

Hatua ya 2: Karatasi. Cheti cha Msajili wa NGOs, akaunti ya benki kwa jina la taasisi, na barua ya daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Yule jamaa wa mtaani anayechoma sindano, hata awe hodari vipi, usimwandike kuwa ndiye mpasuaji.

Hatua ya 3: Mlango. Bisha hodi kwa mfadhili wa mnyama wako. Dogs Trust Worldwide, shirika la Uingereza, ni la mbwa. The Donkey Sanctuary, nalo la huko huko, ni la punda. Ombi la paka usilipeleke hapo.

Hatua ya 4: Bajeti. Hapa ndipo wengi tunapoanguka. Anza na mnyama mmoja. Kumfunga kizazi mbwa jike kunahitaji dawa ya usingizi, ya maumivu, antibiotiki, nyuzi, glavu na malipo ya daktari. Tuseme sh. 45,000, mbwa 120 ni sh. 5,400,000. Wengi huishia hapo. Haya, mbwa wanafikaje mezani kwa daktari? Aliyepasuliwa anakula nini siku anazoangaliwa? Chanjo inataka nyuzijoto 2 hadi 8. Umeme ukikatika, barafu unainunua wapi? Andika bajaji, mafuta, boksi la baridi na uji wa dagaa, kisha ambatisha profoma (karatasi ya bei kabla ya kununua) ya duka la dawa za mifugo.

Ukiomba chanjo ya kichaa cha mbwa, ombea kijiji kizima. Lengo ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa, kwa hiyo pita kwanza nyumba kwa nyumba na mjumbe mkiwahesabu. Kuchanja mbwa kumi kumi katika kata tano hakukati maambukizi, na mfadhili anayejua kazi yake ataliona hilo mara moja.

Hatua ya 5: Risiti. Za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, hufifia kwa joto. Toa kopi siku hiyo hiyo. Mimi nilifungua bahasha baada ya miezi minane nikakuta vikaratasi vyeupe pe, na ripoti ilitakiwa Ijumaa. Ikabidi nizunguke duka kwa duka kuomba nakala.