Jinsi ya kushinda tenisi kwa macho na daftari, kama Brad Gilbert

Hii naiandika kwa ajili yako wewe unayecheza tenisi fresh tu ila sevu yako (shuti la kuanzisha pointi) haimtishi mtu, fohandi (shuti la upande wa mkono wako wa raketi) ya kawaida, na kila ukifungwa unasema jamaa alinizidi mashuti. Mtu wa kumfuatilia ni Brad Gilbert wa California. Alianzia Foothill, chuo cha miaka miwili, akahamia Pepperdine pale Malibu chini ya kocha Allen Fox, na 1982 akafika fainali ya singo ya vyuo vya Marekani, akafungwa na Mike Leach wa Michigan. Mashuti yake hayakuwa ya kupendeza, lakini akaja kuwa namba 4 duniani 1990, mataji 20 ya singo, na shaba ya Olimpiki ya Seoul 1988. Kilichombeba ni kwamba alikuwa anamwangalia mpinzani kuliko wengine wote, anaandika kwenye daftari, na kilekile alichokuwa anaandika ndio baadaye kikamfanya kocha.

Kwahiyo anza na daftari, hata lile la shule la bei ndogo. Mechi ikiisha, kabla hujaoga, andika upande gani wa jamaa unavunjika akibanwa, anapiga sevu wapi akiwa 30-40 (yaani pointi moja tu apoteze gemu), mpira gani haupendi (wa juu, wa chini, au ule mlaini usio na nguvu), na akiwa nyuma anaharakisha au anapoa. Usiandike "leo nimecheza vibaya", hiyo haikusaidii chochote mkikutana tena mwezi ujao.

Halafu zile dakika 5 za kupasha, jamani, watu wanazichezea sana. Wewe mpelekee mmoja wa juu kwenye bakihandi (upande wa pili wa fohandi), mmoja mfupi uone kama anapenda kusogea kwenye wavu au anarudi nyuma kama ameogopa, mmoja mwilini kabisa. Na angalia anashika raketi mkono gani, nimeona watu wanacheza seti nzima ndio wanashtuka kumbe mwenzao ni wa kushoto. Ukishinda sarafu mimi nakushauri upokee sevu, kwa sababu gemu la kwanza mikono ya mtu bado mizito na unaweza kumvunja (kushinda gemu anayopiga sevu yeye) mapema kabla hajaamka, na hata usipomvunja hujapoteza kitu.

Ndani ya mechi kuna pointi ambazo usizipige kwa mazoea. 15-30 na 30-30 ndio zinazofungua gemu, pale ingiza sevu ya kwanza hata kama sio kali, iwe na mzunguko tu iingie, halafu mpe ule mpira ulioandika kwamba haupendi. Mkibadilishana upande una sekunde 90, kaa chini, kunywa maji, jiulize kitu kimoja: nani anamuumiza mwenzake na kwa mpira gani? Kama ni yeye, badilisha sasa hivi, usisubiri seti iishe. US Open 1987 Gilbert alikuwa ameshapoteza seti mbili kwa Boris Becker, bingwa wa Wimbledon mara mbili wakati huo, akaichukua ya tatu 7-6, ya nne 7-5, ya tano 6-1. Becker alikuwa na sevu kubwa kuliko yake siku ile na siku zote.

Sasa kama unafundisha, hapa ndio nataka unisikilize vizuri. Kocha wengi tukipata mtoto tunakimbilia kubadilisha mkono wake, mshiko, mzunguko, miezi sita mtoto hajui tena kupiga mpira. Gilbert alipoanza kumfundisha Mmarekani mwenzake Andre Agassi 1994, Agassi mashuti alikuwa nayo yote, shida alitaka kuua kila mpira. Wakafanyia kazi uchaguzi, mpira upi, kwa nani, saa ngapi, na mwaka huohuo Agassi akachukua US Open bila hata kupangwa kwenye mbegu (wale wachezaji wanaopewa nafasi kubwa kwenye ratiba), akamfunga Michael Stich fainali. 1997 Agassi alishuka mpaka namba 141, wakarudi wote kwenye mashindano madogo ya Challenger, na 1999 akabeba French Open. Mataji 6 kati ya 8 ya Grand Slam (yale mashindano manne makubwa, kama US Open na Wimbledon) aliyapata na Gilbert. Andy Roddick naye alibeba US Open 2003 akiwa naye. Binti wa Kimarekani Coco Gauff alitolewa raundi ya kwanza Wimbledon 2023, Gilbert akaingia kusaidiana na kocha Pere Riba, wakati kila mpinzani alikuwa anailenga fohandi ya Gauff, na hakukuwa na muda wa kuijenga upya katikati ya msimu. Gauff akabeba Washington, Cincinnati, halafu US Open akiwa na miaka 19, fainali amepoteza seti ya kwanza 2-6 kwa Sabalenka akageuza 6-3, 6-2.

Wiki hii jaribu hivi: mkalishe mwanafunzi wako pembeni ya uwanja wakati wengine wanacheza, mpe kalamu, usimwambie chochote. Seti ikiisha muulize yule wa upande wa pili angemfungaje. Akikujibu "ningepiga kwa nguvu zaidi", mrudishe akae seti nyingine. Akikujibu "bakihandi yake ya juu inakufa", mpe raketi aingie uwanjani akajaribu mwenyewe.