Kujiandaa kwa Mtihani wa LSAT Huku Ukiwa Kazini

Ninaandika somo hili nikiwa Malindi, ambako ni karani katika ofisi ya wakili kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Limekusudiwa wenzangu wanaotaka kuomba nafasi katika vyuo vya sheria vya Marekani kwa kufanya LSAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo hivyo, lakini hawawezi kuacha kazi ili wasome.

Hatua ya kwanza ni kuujua mtihani wenyewe. Tangu Agosti 2024 una sehemu nne za dakika 35 kila moja: mbili za kuchambua hoja, moja ya ufahamu, na moja ya majaribio isiyohesabiwa. Kwa kuwa hutajua ni ipi isiyohesabiwa, zijibu zote kwa bidii ileile. Alama huanzia 120 hadi 180.

Hatua ya pili, kabla hujasoma chochote, fanya jaribio moja kamili kwa kufuata saa. LSAC, taasisi inayosimamia mtihani huu, hutoa majaribio ya bure katika mtandao wake wa LawHub. Alama ya siku hiyo isikuvunje moyo, kwani kazi yake ni kukuonyesha pa kuanzia.

Hatua ya tatu ni kutenga saa isiyoguswa. Kwa mwezi mzima nilijaribu kusoma usiku, na mara nyingi nilijikuta nimerudia aya moja mara nne huku akili imebaki kwenye mafaili ya ofisi. Sasa nikishaswali alfajiri hukaa mezani hadi saa moja, na dakika hizo tisini zimenifaa kuliko Jumapili nzima ya kusoma mfululizo.

Hatua ya nne ndiyo ninayoisisitiza zaidi, nayo ni daftari la makosa, la kuandikia maswali uliyokosa. Chukua mfano wa swali linalouliza ni jibu lipi linaidhoofisha hoja hii: hoteli mpya ilifunguliwa ufuoni mwezi wa Juni, na tangu hapo samaki wameadimika sokoni, kwa hivyo hoteli ndiyo inayowamaliza. Mtu wa pwani huliona pengo upesi, kwa kuwa Juni ni msimu wa kusi, bahari huchafuka na mashua ndogo hazithubutu kwenda mbali. Mambo mawili yameandamana, lakini haijathibitishwa kwamba moja limelizaa jingine. Jibu linaloidhoofisha hoja hiyo ni lile linaloleta sababu nyingine ya uhaba, wala si lile linaloeleza kwamba hoteli imeajiri vijana wengi, hata kama ni kweli tupu.

Katika daftari usiandike tu kwamba ulikosa swali fulani. Andika kwa nini jibu baya lilikuvutia. Mimi niliandika, "Nilichagua jibu la kweli lisilogusa hitimisho," na baada ya wiki tatu nikakuta sentensi hiyo imejirudia mara kumi na moja. Hapo ndipo nilipojua la kurekebisha.

Maswali ya wenzangu

Swali: Assalaam alaykum, ndugu yangu. Nimeazimwa kitabu cha zamani chenye michezo ya mantiki ya kupanga watu na viti. Niisome?

Jibu: Waalaykum salaam, dada. Iache, kwa sababu sehemu hiyo iliondolewa katika mtihani Agosti 2024. Kurasa za kuchambua hoja na za ufahamu katika kitabu hichohicho bado zitakufaa.

Swali: Nikiishiwa na muda, niache wazi maswali yaliyobaki?

Jibu: Hapana, kaka. Jibu baya halipunguzi alama, kwa hivyo jaza yote kabla dakika 35 hazijakwisha.

Swali: Ufahamu ndio unaonishinda, maana Kiingereza changu ni cha kazini tu. Nifanyeje?

Jibu: Nami nilianzia hapo. Kila siku, wakati wa mapumziko ya mchana, soma kurasa mbili za hukumu katika mtandao wa Kenya Law, ambao haulipiwi, kisha andika kwa sentensi moja jaji ameamua nini na kwa sababu gani. Siku nyingine soma makala ya sayansi au historia, kwa kuwa mtihani hauleti vifungu vya sheria peke yake.