Kabla hujapanda stima ya Marlow: maandalizi ya msomaji wa Heart of Darkness

Kitabu chenyewe, riwaya ya Joseph Conrad, ni chembamba. Kina sehemu tatu, kwa sababu kilitoka kwanza katika jarida la Blackwood's la Uingereza, matoleo ya Februari, Machi na Aprili 1899, kisha kikachapwa ndani ya kitabu mwaka 1902. Mwenye haraka anakimaliza kwa siku mbili. Ndiyo maana wengi wanakivamia bila maandalizi. Wanakutana na mto, ukungu, giza, wanawake wanaofuma sufu nyeusi, basi wanaanza kutafuta orodha ya "alama na maana zake" ili wavuke mtihani.

Mimi nilipewa orodha hiyo. Nilikuwa kidato cha tano. Mwalimu alipiga mstari katikati ya ubao, kushoto akaandika alama, kulia maana. Mto ni nyoka, nyoka ni uovu. Pembe ni tamaa. Nyeupe ni wema, nyeusi ni ubaya. Tulinakili, tukakariri, tukafaulu. Ilipita miaka zaidi ya kumi ndipo nikakirudia kitabu kwa hiari yangu, nikaona kwamba jedwali lile lilikuwa limeniziba macho. Haya ninayoandika ni yale ambayo ningefurahi kama mtu angeniambia kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza.

Kubwa kuliko yote ni hili: kila alama ya Joseph Conrad ilikuwa kitu kabla haijawa alama. Ilikuwa na uzito, ilikuwa na bei, na kulikuwa na mtu aliyeibeba kichwani. Ukikimbilia maana kabla ya kukitazama kitu chenyewe, utakosa vyote viwili.

Kwa hiyo anza na historia, walau kidogo. Mto anaousimulia Marlow, yule baharia anayetupa hadithi, ni Kongo, ingawa jina hilo halitajwi popote kitabuni. Wala Brussels haitajwi, wala Ubelgiji. Conrad alikuwa Mpolandi, aliyezaliwa mwaka 1857 katika nchi ambayo leo ni Ukraine, na Kiingereza kilikuwa lugha yake ya tatu baada ya Kipolandi na Kifaransa. Alikuwa baharia. Mwaka 1890 aliajiriwa na kampuni ya Kibelgiji ya biashara, akashuka Matadi, akatembea kwa miguu pamoja na wapagazi hadi Kinshasa, safari ya zaidi ya mwezi mmoja, kwa kuwa maporomoko hayapitiki kwa chombo na reli ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kujengwa. Kutoka hapo alipanda stima iitwayo Roi des Belges hadi Stanley Falls, akafika mwanzoni mwa Septemba. Wakati wa kurudi walimbeba ajenti mgonjwa aliyeitwa Klein, naye akafia njiani. Katika muswada Conrad alikuwa ameandika jina la Klein kabla ya kulibadilisha kuwa Kurtz, yaani wakala wa pembe za ndovu ambaye Marlow anapanda mto kumfuata. Nchi yote ile ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili, kuanzia 1885 hadi 1908. Iliitwa Dola Huru. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini kila mtu kitabuni anazungumza juu ya kuleta nuru huku mikono yake ikihesabu pembe.

Sasa chukua penseli na uchague kitu kimoja tu cha kufuatilia. Usifuatilie vyote. Mimi nakushauri pembe za ndovu. Kila zinapotajwa, weka alama pembeni. Utaona kwamba kwenye kituo cha kati cha kampuni neno hilo linanong'onwa hewani kama dua, mpaka Marlow anahisi watu wale wanaliabudu. Utaona Kurtz amepeleka pembe nyingi kuliko mawakala wote wengine wakijumlishwa, na hakuna anayeuliza kwa undani amezipataje. Kisha mto unapomfikisha Marlow kwake, upara wa Kurtz unafanana na tufe la pembe, na uso wake anapokaribia kufa ni uso wa pembe. Mtu amegeuka kile alichokuwa akikitafuta. Hakuna jedwali litakalokupa hilo, maana "pembe ni tamaa" ni maneno matatu, wakati kitabu kinakuonyesha jambo likikua taratibu kwenye ngozi ya mtu.

Kuhusu rangi, nakuomba uingie ukiwa umesahau ulichofundishwa. Katika kitabu hiki nyeupe mara nyingi ndiyo ya kuogopwa. Kabla ya kusoma fungua Injili ya Mathayo 23:27, pale Yesu anapowafananisha Mafarisayo na makaburi yaliyopakwa chokaa, yanayopendeza nje na ndani yamejaa mifupa ya wafu. Marlow anauita hivyo mji wa Ulaya anakokwenda kutia sahihi mkataba wake wa kazi. Ukungu unaoifunika stima alfajiri ni mweupe, na unapofusha kuliko usiku. Karani mkuu wa hesabu anavaa kola nyeupe iliyopigwa wanga, vitabu vyake havina kosa, na hatua chache kutoka mlangoni kwake watu wanakufa chini ya miti. Msomaji wa Kiswahili hapati taabu hapa kama atajiruhusu. Tunasema mtu ana moyo mweupe, ni kweli, lakini sanda nayo ni nyeupe.

Chini ya miti ile kuna kitu kimoja ambacho nataka usimame nacho kwa muda mrefu. Wafanyakazi waliodhoofika wamejikokota hadi kivulini wafe. Mmoja, kijana, anafungua macho. Marlow anampa biskuti ya melini. Vidole vinaifumba polepole, basi. Shingoni mwake amefunga uzi mweupe. Marlow anajiuliza: ni pambo? Ni hirizi? Ni alama ya cheo? Kuna wazo lolote nyuma yake? Hapati jibu, anaondoka. Mwalimu wangu alikuwa ameandika: uzi mweupe ni ukoloni unaomnyonga Mwafrika. Huenda. Lakini Conrad ameandika mtu anayeshindwa kusoma alama ya mwenzake, na pengine yule kijana angeweza kumweleza kwa sentensi moja kama kungekuwa na mtu wa kumuuliza kwa lugha yake. Ule uzi ulitoka ng'ambo ya bahari, Marlow anasema hivyo mwenyewe. Ulikuwa uzi kwanza.

Ribiti nazo ni hivyo hivyo, zile pini za chuma za kuungia mabati ya stima. Stima imetoboka, Marlow anahitaji ribiti ili aizibe. Kule pwani ameziona zimerundikwa makasha kwa makasha, yamepasuka, unazipiga teke ukitembea. Misafara inafika kituoni mara kadhaa kwa wiki ikiwa imebeba vitambaa vibovu na shanga za bei ya chini, ya kubadilishana na pembe. Ribiti hata moja haiji. Mtu yeyote aliyewahi kusubiri kipuri kimoja cha mashine huku ghala la makao makuu limejaa atalielewa jambo hili kabla hajaambiwa kwamba ni alama ya mfumo uliooza. Na kumbuka kila shanga ilipanda pale juu ya kichwa cha mpagazi.

Kuna jambo ambalo sisi tunaosoma kwa Kiswahili tunapaswa kwenda nalo, na ambalo vitabu vya mwongozo nilivyoviona havikuligusa. Stanley Falls, kituo cha mwisho ambako Kurtz anakaa, ndiyo Kisangani ya leo. Mwaka 1887 Leopold alimfanya Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi wa Unguja, kuwa liwali wa mahali hapo. Pembe za bonde lile zilikuwa zikibebwa kuelekea mashariki, kupitia Ujiji na Tabora hadi pwani, na waliokuwa wakizibeba, wengi walikuwa watumwa. Conrad alipofika 1890, Tippu Tip alikuwa ameshaondoka mwaka huo huo kurudi Unguja, ila watu wake walikuwapo na Kiswahili kilikuwapo. Kipo Kisangani mpaka leo. Riwaya haisemi lolote juu ya hayo. Inatuachia mto mtupu na msitu wa kale, kana kwamba Kurtz ndiye wa kwanza kuja kutafuta pembe pale. Huo utupu nao ni wa kutungwa. Uweke alama kwa penseli yako kama unavyoweka alama kwenye giza. Na usiufurahie sana, kwa maana ukijazwa ukweli wake, hauwapendezeshi wazee wetu wa pwani pia.

Tumetajwa mara moja, kwa kupita. Tafuta katika sehemu ya kwanza, safari ya miguu ya maili 200: Mzungu mmoja aliyeacha vifungo vya sare yake wazi, amepiga kambi njiani, amelewa, analindwa na askari Wazanzibari warefu wembamba wenye silaha. Anasema anasimamia utunzaji wa barabara. Marlow haoni barabara. Maili tatu mbele anajikwaa juu ya maiti ya mtu mweusi mwenye tundu la risasi kwenye paji la uso. Nilipoufikia mstari huo mara ya pili nilikiweka kitabu chini. Bunduki ile ilishikwa na nani?

Jiandae pia kwa matusi. Neno la kuwadhalilisha watu weusi limo, limo mara nyingi, na wala halisemwi na wabaya peke yao. Marlow tunayemwamini naye analitumia. Waafrika hawana majina. Wanaosikika wakisema neno la maana ni wachache mno, kwa Kiingereza kilichovunjwa. Mwanamke wa kando ya mto, mwenye pingili za shaba miguuni na shanga shingoni, anatembea kwa fahari ufukweni, na Marlow anakadiria kwamba mapambo aliyovaa yana thamani ya pembe kadhaa. Yaani hata yeye amepigiwa hesabu kwa pembe. Haambiwi aseme kitu. Mchumba wa Kurtz kule Ulaya anapewa kurasa za kusema huzuni yake. Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, aliyaeleza haya mbele ya watu wa chuo kikuu cha Massachusetts, Amherst, tarehe 18 Februari 1975, akamwita Conrad mbaguzi bila kumung'unya maneno. Soma hotuba hiyo, ila isome baada ya kitabu. Ukiisoma kwanza utaenda kumtafuta mshtakiwa, na uzi ule mweupe utakupita. Mimi naamini Achebe amesema kweli kuhusu Afrika kugeuzwa pazia la nyuma la jukwaa. Naamini pia kwamba hakuna mtu aliyeandika ule ubatili wa "kuleta ustaarabu" kwa ukali wa karibu namna hii wakati ule, wenyewe ukiendelea. Nimekaa na imani hizo mbili kwa miaka, na sijaona haja ya kuiacha moja.

Mambo madogo ya utaratibu. Jua nani anaongea: msimuliaji asiye na jina yuko kwenye chombo kiitwacho Nellie, mdomoni mwa mto Thames, anamsikiliza Marlow gizani, nasi tunamsikiliza yeye. Alama za kunukuu zikikuchanganya, ndiyo sababu. Kuwa na ramani ya Kongo karibu. Kurasa kumi za mwanzo zisome kwa sauti kama unaweza, kwa kuwa sentensi zake ndefu zinakaa sawa mdomoni kuliko machoni. Na usikose pale msimuliaji anapoonya kwamba kwa Marlow maana ya hadithi haimo ndani kama kokwa. Iko nje, imeizunguka hadithi, kama duara la ukungu linaloonekana kwa mbalamwezi. Yaani mwandishi amekuambia mapema usivunje ganda.

Ukifika sehemu ya tatu, chagua jioni usiyo na shughuli. Kurtz anakufa mapema kuliko unavyodhani, kwa neno moja alilolirudia mara mbili, na bado kuna chumba kimoja cha kuingia, sebule ya mchumba wake. Giza linaingia taratibu, paji la uso wa yule mwanamke ndilo linalobaki na mwanga. Pembeni kuna piano kubwa inayong'aa kama jeneza la jiwe, na piano za zama zile, vibao vyake vilivishwa pembe za ndovu. Conrad hatamki neno hilo pale. Anakuachia.

Kisha, kabla hujakirudisha rafuni, fungua tena ukurasa wa kwanza. Wazungu wako kwenye sitaha ya Nellie wanasubiri maji yageuke kati ya kujaa na kupwa, na mhasibu ametoa kasha la dhumna anachezea kete, anazipanga kama anayejenga nyumba. Kete za enzi hizo zilichongwa kwa mfupa au kwa pembe. Mchezo, msimuliaji anasema, haukuanza kabisa.