Kufanya mbio mjini Bukavu, Kongo, na kubaki na miguu

Wandugu, mimi ni mwalimu, nasimama darasani mchana kutwa. Ndiyo maana naweka siku ngumu mbili tu kwa wiki: Jumanne napanda mlima wa Kadutu, mtaa wa hapa mjini, kwa nguvu, Jumamosi nakimbia mwendo mrefu. Siku nyingine nenda polepole, uweze kuongea sentensi nzima bila kuhema, hata motari, wale wa pikipiki za abiria, wakikucheka.

Hapa kwetu mteremko unaumiza kuliko mpando. Ukishuka, misuli ya mapaja inavutwa huku ikijikaza kuzuia uzito wako, na maumivu huzidi kesho yake au keshokutwa. Shuka kwa hatua fupi, magoti yamelegea kidogo. Ukisikia bado maumivu kwenye ngazi za nyumbani, acha kasi. Tembea La Botte, rasi yetu inayoingia ziwani, utazame Ziwa Kivu. Jioni kula fufu na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, ulale mapema.

Ukijiandikisha nusu marathoni, kilomita 21, wiki ya mwisho punguza umbali karibu nusu, ila mbio fupi za kasi chache zibaki. Ukimaliza, wiki nzima usiguse mazoezi magumu. Nasisitiza hili sana: hata ukijisikia mzima, ngoja.