SOMO: Jinsi ya kufanya mashindano ya kabali yanoge hata wanapokutana wa klabu moja

Wadau wa mkeka, salaam. Waandaaji wengi mnaumizwa kichwa na jambo moja: vilabu ni vichache, kila uzito una watu wanane au pungufu, na watatu kati yao wanatoka jimu moja. Matokeo yake mnayajua. Nusu fainali wawili wanaingia mkekani, wanapeana mikono, wanacheka, mmoja anampiga mwenzake bega na kutoka. Au, mbaya zaidi, wanamaliza muda wote wakishikana viwiko na kuzungukana huku watazamaji wakitoka kununua soda.

Niseme msimamo wangu mapema: lawama hizi siwatupii wachezaji. Mtu anayekabana na mwenzake kila jioni hana sababu ya kumtegua mkono kwa ajili ya medali ambayo klabu imeshaipata. Ukiona wanaachiana, kagua droo yako, zawadi zako na kanuni zako. Mwandaaji ndiye anayeamua kama mechi hiyo itapigwa, na anaamua wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe.

Somo hili ni la mashindano ya mtoano bila koti, yale ambayo mshindi anapatikana kwa kumgongesha mwenzake mkeka, yaani kumfanya apige kiganja kukubali ameshindwa, kwa kabali au kufuli (kubana kiungo) ya mkono au mguu. Wa judo na wa koti mtachukua yanayowafaa.

HATUA YA 1: Amua kuhusu kuachiana, kisha andika

Usisubiri itokee ndipo uanze kujadiliana na makocha pembeni mwa mkeka. IBJJF, shirikisho la kimataifa la jiu-jitsu ya Brazil, limekuwa likiruhusu: wenza wa klabu moja wakifika fainali wanaweza kukubaliana nani achukue dhahabu bila kupigana. Mapacha wa Brazil, Paulo na João Miyao, wamegawana fainali kwa namna hiyo zaidi ya mara moja na hawakuvunja sheria yoyote. Kwenye mashindano ya dunia ya 2018, Marcus Almeida, maarufu kama Buchecha, alimwachia Leandro Lo dhahabu ya uzito huria (wa uzito wowote) kwa sababu Lo alikuwa ameumia bega, na hao hawakuwa hata wa klabu moja. Walikuwa marafiki tu. Siwezi kukilaumu kitendo kile, kilikuwa cha kiungwana. Lakini aliyelipa kiingilio aone fainali, fainali hakuiona.

Una njia tatu: kuruhusu, kukataza kabisa, au kuruhusu kwa gharama. Mimi nashauri ya tatu. Ukikataza kabisa utapata mechi ya maigizo, na maigizo ni mabaya kuliko kuachiana kwa wazi kwa sababu yanamdanganya mtazamaji. Andika hivi kwenye fomu ya usajili: "Fainali isiyopigwa haina bingwa. Wote wawili watahesabiwa washindi wa pili." Mchezaji na kocha wake wasaini kabla ya kulipa ada. Aliyeumia kweli, daktari wa mashindano akathibitisha, hahusiki na kanuni hii.

HATUA YA 2: Droo

Hapa ndipo mashindano yanaponoga au yanapokufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mazoea ni kuwatenganisha wenza: mmoja juu ya ratiba, mwingine chini, wasikutane mpaka fainali. Makocha wanaipenda njia hii kwa sababu inaipa klabu nafasi ya dhahabu na fedha. Kwa mwandaaji ni mtego, maana kadiri klabu ilivyo kali ndivyo unavyojihakikishia kwamba fainali, mechi ambayo bango lako lote limeitangaza, itakuwa ya watu wasiotaka kupigana.

Kinyume chake ni kuwakutanisha raundi ya kwanza. Hilo nalo silipendi. Mtu ametoka Dodoma kwa basi usiku kucha, halafu unampangia yule yule aliyekaa naye siti moja!

Fanya hivi. Tuseme mko wanane, na klabu moja ina watatu. Raundi ya kwanza watenganishe wote, kila mmoja apambane na mtu wa nje. Wakishabaki wanne, chezesha droo upya ya nusu fainali, kwa sharti moja: waliobaki wawili wa klabu moja wanakutana hapo hapo. Atakayepita anaingia fainali dhidi ya mtu wa klabu nyingine. Nusu fainali ya wenza inapigwa kweli kwa sababu mbele yake kuna kitu: anayeshinda ndiye atakayekwenda kuiwakilisha klabu. Kama watatu wote wamefika nne bora, kuna uwezekano wa fainali ya wenza na huwezi kuukwepa. Mpeni pongezi kocha wao na mtegemee hatua ya 3.

Masharti ya droo ya pili yatangazwe tangu usajili, na droo yenyewe ichezeshwe hadharani, karatasi kwenye kofia, makocha wakitazama. Ukiifanya chumbani, hata kama ni halali, utaambiwa umepanga.

HATUA YA 3: Pesa iende kwenye kugongesha, isiende kwenye nafasi tu

Kitita kikiwa cha mshindi wa kwanza na wa pili pekee, wenza watagawana kimya kimya nusu kwa nusu, na hapo hakuna sababu ya kutoka jasho. Eddie Bravo, kocha wa jiu-jitsu wa Marekani, alipoanzisha mashindano yake ya Eddie Bravo Invitational mwaka 2014 alifunga pesa kwenye kugongesha ndani ya muda wa kawaida, na ndiyo maana watu walishambulia tangu dakika ya kwanza.

Mfano wa bajeti ya kwetu: una Sh 390,000 kwa uzito mmoja wa watu wanane. Mechi ni saba. Bingwa 120,000, wa pili 60,000, na 210,000 zilizobaki zigawe kwa mechi saba: kila anayemgongesha mwenzake ndani ya muda anachukua 30,000 hapo hapo, bahasha mkononi, watu wakiona. Sasa piga hesabu ya wenza walioachiana fainali. Kwa kanuni ya hatua ya 1 wote ni wa pili, kila mmoja 60,000. Wakipigana, wanaondoka na 180,000 kwa pamoja, na 30,000 juu yake kama kuna aliyegonga. Kuachiana kumewatoa 60,000 mpaka 90,000. Hujamlazimisha mtu, na watapigana.

Wasio na bajeti wasikate tamaa. Nafasi ya safari ina nguvu kuliko pesa. Ukisema bingwa ndiye atakayelipiwa nauli kwenda mashindano ya nje, na nafasi ni moja tu haigawanyiki, hutaona mtu anaachia.

HATUA YA 4: Vunja mazoea yao mkekani

Wenza wanaboa hata wakijitahidi, kwa sababu wanajuana. Huyu anajua mwenzake atavuta mguu wa kushoto, yule anajua kabali ya huyu inaanzia wapi. Kila shambulio linazimwa kabla halijaanza. Dawa ni muda mfupi wa kawaida, dakika sita hadi nane bila pointi, kisha muda wa nyongeza unaoanzia kwenye hatari.

Mfumo wa Bravo ndio ninaoupenda. Anayeshambulia anachagua: aanzie mgongoni mwa mpinzani, au aanzie kwenye kufuli ya mkono ambayo bado haijanyooshwa. Mgongoni inakaa hivi: kifua kimegusa mgongo, mkono mmoja umepita juu ya bega, wa pili chini ya kwapa, viganja vimefungana mbele ya kifua, visigino vimeingia ndani ya mapaja. Mwamuzi anahakikisha mishiko, anawagusa wote wawili, anasema "anza", na saa inakimbia. Akichomoka, wanabadilishana. Raundi tatu. Aliyegongesha na mwenzake asigongeshe ndiye mshindi. Wasipogongeshana, jumla ya muda wa kuchomoka inaamua, mwepesi anashinda. Hapo hakuna pa kujificha na hakuna kubebana. Ukumbi mzima unahesabu sekunde kwa sauti.

Jambo moja la usalama ambalo sitalipitia haraka: kwa wenza, mpe mwamuzi mamlaka ya kusimamisha kufuli ya mkono uliokwisha nyooka hata kama mtu hajagonga. Mwanafunzi anaweza kuona aibu kumgongea mtu anayefanya naye mazoezi kuliko kumgongea mgeni. Hapo ndipo viwiko vinapoharibika. Wanaoanza, kufuli za kisigino zinazopinda goti ziondoe kabisa.

HATUA YA 5: Kona

Kocha wa wote wawili akae jukwaani. Asiongee, asioneshe ishara. Kila mchezaji achague mwanafunzi mwenzake mmoja wa kumkalia konani. Kocha akikaa kona moja, ameshachagua mtoto anayempenda, na watarudi na jambo hilo mazoezini.

HATUA YA 6: Mtangazaji aseme ukweli

Msifiche kwamba ni wenza. Mwambieni mtangazaji aseme ni nani alianza kabla ya nani, ni nani humfundisha nani kabali, mazoezini nani humgongesha nani. Fainali ya uzito wa juu ya ADCC, mashindano makubwa ya dunia ya bila koti, mwaka 2022, Gordon Ryan na Nick Rodriguez, ilikuwa na moto kwa sababu kila mtu alijua walikuwa timu moja mpaka kikosi chao kilipovunjika 2021 kikazaa kambi mbili. Ryan aliimaliza mapema mno kwa kufuli ya kisigino, na bado watu wanaizungumzia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Morogoro): Shikamoo kocha. Hiyo 30,000 ya kugongesha si ndiyo itawafanya wagongeane makusudi halafu wagawane nje?

Jibu: Marahaba. Umeona mbali. Kwenye mechi ya wenza, bahasha isitolewe pale pale. Iingie kwenye kapu la "kabali bora ya siku", na waamuzi watatu wa vilabu vingine wachague mwisho wa mashindano. Kugonga kwa uongo hakuwezi kushinda kapu hilo, maana jicho la mtu wa mkekani linajua kabali iliyoingia na isiyoingia. Hutawakamata wote, ila utakuwa umeondoa faida ya uhakika.

Swali (Mombasa): Kocha wetu amekataza kabisa watu wake kupigana hadharani. Asema vita vya panzi ni furaha ya kunguru, vilabu vingine vitatucheka na kusoma michezo yetu. Tutamwambia nini?

Jibu: Kaka, mheshimuni, hofu yake ina msingi. Mtu akiwaona mnapigana kwa dakika nane atajua mengi kuhusu jimu yenu. Lakini mwulizeni kwa adabu: je, si bora atangulize mchezaji mmoja kila uzito, wengine wajiandikishe uzito wa juu au wa chini pale miili inaporuhusu? Hapo hakatazi mtu na hakuna mechi ya kuachia. Asipokubali, msijiandikishe wawili. Kujiandikisha wawili huku mmeshapanga kuachiana ni kumwibia nafasi mtu wa tatu aliyeachwa nje.

Swali (Zanzibar): Sisi ni wa judo. Huku mtu akipigana na mwenziwe wa klabu wazee husema undugu umekwisha. Kuna mfano wa watu wakubwa waliopigana kweli?

Jibu: Upo, na ni wa judo yenyewe. Tarehe 13 Desemba 2020, ndani ya Kodokan, makao makuu ya judo huko Tokyo, Abe Hifumi na Maruyama Joshiro, wote Wajapani, walipigania nafasi moja ya Olimpiki katika uzito wa kilo 66. Nchi hupeleka mtu mmoja tu kwa kila uzito. Ukumbi haukuwa na watazamaji kwa sababu ya korona. Walipigana dakika 24 mpaka Abe akapata waza-ari (alama ya kutupa kusikokamilika), kisha akaenda kuchukua dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo 2020, iliyofanyika 2021. Hakuna aliyesema Maruyama alimsaliti mwananchi mwenzake kwa kumbana kiasi kile. Waonesheni wazee mechi hiyo mkae nayo pamoja. Ila ndugu wa tumbo moja mimi nawaweka kando: wakitaka kuachiana, waseme kabla ya droo, wapangwe hivyo, na watazamaji watangaziwe.

Swali (Kigoma): Mji mzima una klabu moja, ndiyo yetu. Mashindano yetu yote ni wenza kwa wenza. Tufanyeje?

Jibu: Achaneni na mtoano wa mtu mmoja mmoja. Tumieni mfumo wa Quintet ulioanzishwa na mpiganaji Kazushi Sakuraba huko Japani mwaka 2018: timu mbili za watu watano. Anayemgongesha mwenzake anabaki mkekani anakutana na wa pili wa timu ile, na sare inawatoa wote wawili. Gawanyeni klabu: manahodha wawili wachague mmoja mmoja. Hiyo sare inayotoa wote ndiyo inayowasha moto: mdogo wa timu anaweza kumshikilia bingwa wenu mpaka muda uishe, akaondoka naye, na timu nzima ikamshangilia.

Swali (Nairobi): Upande wa kina dada tuko wanne tu kwa uzito, wawili wa jimu moja. Nusu fainali mbili na fainali, tunaisha dakika ishirini. Na hao wawili kila mwaka wanaachiana.

Jibu: Dada, kwa wanne msiweke mtoano kabisa. Kila mmoja apambane na kila mmoja: mechi sita, tatu kwa kila mtu, na watu watawaona mara tatu badala ya moja. Hao wawili wa jimu moja wakutane mechi ya kwanza kabisa, kabla ya hesabu zozote. Mkiwaacha mpaka mechi ya mwisho, mmoja ataweza kumpa mwenzake ushindi anaouhitaji. Wakilingana mwishoni, angalieni kwanza idadi ya waliogongeshwa, kisha nani alimshinda mwenzake walipokutana, kisha jumla ya muda wa ushindi, wa haraka zaidi akiwa mbele. Na pumziko lisipungue urefu wa mechi mbili, maana mtu akiingia mechi ya tatu amechoka mtaona kufuli za uvivu.