Chuki Iliyohamia Ndani: Namna ya Kujiondolea Aibu ya Kuwa Transijenda

Hakuna transijenda, yaani mtu ambaye jinsia anayoijua nafsini si ile aliyotajiwa alipozaliwa, anayezaliwa akijichukia. Hukua akisikia mizaha na minong'ono kuhusu watu wa aina yake, mara nyingi kabla hajatambua kwamba naye ni mmoja wao, na maneno hayo humkaa moyoni hadi akadhani ni mawazo yake mwenyewe. Kwa hiyo anza kwa kuyatafutia asili. Kila unapojiambia "ninawadanganya watu", liandike neno hilo daftarini kama lilivyokujia, kisha ujiulize ulilisikia kwanza kwa nani, uandike na jina lake. Huenda ukamkumbuka mtu mzima fulani, na hata chumba mlichokuwamo.

Kipimo kigumu zaidi ni jinsi unavyowatazama wenzako. Ukikereka kwa sababu transijenda mwingine ana sauti nzito au hajali kutambulika kuwa transijenda, chunguza ni kitu gani unachokiogopa kwako ambacho yeye amekiacha wazi. Hapa ndipo wengi wetu huona haya kusema ukweli.

Hata hivyo, si kila maumivu ni aibu. Dhiki ya mwili usiolingana na jinsia unayoijua nafsini haiondolewi na maneno mazuri, na huenda ikahitaji daktari. Vivyo hivyo, kujificha penye hatari ni tahadhari, wala si dalili ya kujichukia. Wanaomhimiza kila mtu ajitangaze si wao watakaofukuzwa nyumbani.

Ikiwa kinachokuelemea ni imani kwamba una ugonjwa wa akili, fahamu kwamba Shirika la Afya Duniani liliiondoa hali ya kuwa transijenda katika sura ya magonjwa ya akili kwenye toleo la 11 la uainishaji wake wa magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022.

Lakini hoja pekee hazitoshi, kwa kuwa aibu hunawiri katika upweke. Tafuta walau transijenda mmoja aliyekutangulia, umsikilize akisimulia mambo ya kawaida ya maisha yake, kama vile kazi na uchovu. Ukimwendea mshauri nasaha, muulize mapema iwapo lengo lake ni kukubadilisha usiwe transijenda; akikubali, ondoka.

Maneno ya zamani yatarudi, hasa siku utakayoitwa kwa jina uliloliacha. Siku hiyo fungua daftari lako, uyasome tena pamoja na majina ya waliokufundisha.