Kiatu cha kuzunguka nacho Nane Nane Nzuguni siku nzima

Jamani wanaokuja maonyesho ya wakulima ya Nane Nane hapa Dodoma, kiatu kwanza mengine baadae, maana pale viwanja vya Nzuguni unatembea toka asubuhi mpaka jua linazama, mabanda ni mengi na vumbi la Agosti na ule upepo wetu mnaujua.

Mi nawashauri raba, sio sendo wala kandambili. Nenda soko la Sabasaba kwenye mitumba ila nenda jioni, mguu ukishatembea kutwa unavimba kidogo so kiatu kinachokutosha asubuhi jioni kinakubana. Kijaribu ukiwa na soksi, miguu yote miwili, simama wima halafu bonyeza mbele, pabaki nafasi kama upana wa kidole gumba. Kisigino kisichezecheze. Alafu kikunje, kinatakiwa kipinde pale vidole vinapoanzia, kikipinda katikati kama chapati achana nacho. Mitumba angalia na soli vizuri, vuta ukingo wake kwa kucha, gundi ya zamani inaachia ukiwa katikati ya viwanja.

Na tafadhali usivae kipya siku hiyo hiyo! Mwaka fulani nilifanya hivyo, saa sita tu lengelenge kisigino limepasuka soksi imegandia damu, na watoto ndo kwanza wanataka kuona ng'ombe. Kivae nyumbani wiki nzima kwanza. Beba soksi ya pili na plasta, ukihisi tu sehemu inachoma kaa chini ubandike hapo hapo, usisubiri.